Kichupa cha Sita Ni Damu Yangu

Butembo, Jumamosi, saa tisa za mchana, hapa labo

Kavira mwanangu, mama yangu,

Ile damu uliyonitoa leo asubuhi haikuwa ya mazoezi. Nilikudanganya. Nilikunja shati nikakuambia, "Ebu unichome mara moja mbele ya kwenda, nione kama mukono yako haitetemeke," nawe ukacheka, ukafunga mpira, ukaupata mshipa mara ya kwanza, ukabandika pamba na kuniuliza kama naona kizunguzungu. Kizunguzungu gani! Nilikuwa najivuna mpaka masikio yakawa ya moto. Ulipotoka kwenda kumsaidia mama yako kufunga mizigo, sikuimwaga. Niliizungusha kwenye mashine yetu ya mkono, nikavuta yale maji ya juu, seramu, nikayatia kwenye kichupa safi na kuandika namba sita, baada ya vile vitano vya ndugu zetu. Kesho utakapopanda lori la Mzee Saidi na lile sanduku la baridi mapajani, utakuwa umembeba baba yako mpaka Kampala.

Nataka ulijue hilo kabla hujafika mpaka wa Kasindi. Nina hepatiti ya B, homa ya ini, Kavira. Nimeijua tangu mvua zilipoanza. Karatasi ya kupimia ilitoa mistari miwili, nikachukua nyingine, ikatoa mistari miwili. Na unajua kwamba ini ndilo lililomuua kaka yangu Kasereka. Sasa nimebaki na swali moja: je, ini langu limeanza kuota kitu au bado? Na ndiyo sababu nashindwa kukaa kwenye kiti, mwanangu, kwa maana siku hizi damu yenyewe inaweza kujibu kabla tumbo halijavimba! Ukifika, wataipima kule kule kwenye shule yako ya labo. Siku ya nne watakupa karatasi mkononi.

Habari za blanketi, sabuni, maji ya kuchemsha na wanaume wa Kampala mama yako amekwisha kuzisema. Ile ya wanaume amesema mara tatu, nilikuwa nasikiliza ukutani. Mimi sina la kuongeza huko. Nitakuandikia yale ambayo mama yako hayajui yote, au anayajua na amenyamaza kwa heshima. Ukiona mwandiko unarukaruka, ujue nina furaha, na woga kidogo, na tena hii meza ya labo ina mguu mmoja mfupi.

Baba yako mkubwa Kasereka unamkumbuka mabega tu, maana ulikuwa unapanda huko akikupeleka sokoni. Alikuwa seremala, mtu wa nguvu, mpenda chai yenye tangawizi nyingi. Wakati wa vita ya kwanza, zile siku askari wa serikali ya zamani walipopita hapa wakikimbia na kupora, alianza kusema chakula hakimwendei. Tulidhani ni woga, kwa sababu wakati ule nani alikuwa anakula vizuri? Kisha akaanza kukonda mikono na uso, lakini tumbo likawa linajaa, na chini ya mbavu za kulia kulikuwa na kitu kigumu.

Nilimtoa damu mimi mwenyewe, kwenye kiti hiki hiki ulichonikalisha leo. Nikatafuta malaria, hakuna. Nikatafuta minyoo, wachache, wa kawaida. Basi! Hayo ndiyo maswali niliyojua kuiuliza damu ya mtu. Seramu yake ilikuwa ya njano mpaka nikadhani nimechanganya na mkojo, nikaitazama, nikaimwaga kwenye ndoo. Munganga wa hospitali alipomshika tumbo, aliniita pembeni akaniambia, "Hii ni ini, na imekwisha kwenda mbali. Ingelikuwa mbele, pengine." Kasereka hakufikisha miaka arobaini.

Sasa nakuja kwenye aibu yangu.

Unajua hapa kwetu mtu akikonda huku tumbo linavimba na macho yanageuka njano, hakuna anayeuliza ini. Wanauliza alikula kwa nani. Karuho! Ile sumu ya polepole wanayosema mtu huificha chini ya ukucha na kuitumbukiza katika kikombe cha mwenzake. Na kikombe cha Kasereka, kila siku asubuhi na jioni, kilikuwa kinatoka mkononi mwa nani? Mwa bibi yake, mama yako mkubwa Masika. Siku ya tatu baada ya kuzika, wazee wa ukoo walimkalisha katikati ya nyumba, juu ya kigoda kile kile alichokuwa anapikia. Mmoja akamuuliza, "Mama Kambale, ulitia nini mu chai ya bwana yako?"

Hakulia. Aligeuka akanitazama mimi. "Baba Kavira, weye njo mutu wa labo. Uliona damu yake. Sema."

Nyumba nzima ikanigeukia. Nami nikasema, "Mu damu sikuona kitu."

Hivyo tu. Na haikuwa uongo, Kavira! Sikuona malaria, sikuona chochote. Lakini maneno ya munganga nilikuwa nayo hapa kifuani, na niliyaacha yakae. Wazee walisikia walichotaka kusikia: kama labo haikuona kitu, basi ni karuho. Kabla ya juma kwisha, Masika alifukuzwa, akapandishwa njia ya Kasugho na watoto wake watatu na godoro moja. Kambale, mtoto wake wa kwanza, alikuwa kijana mrefu tayari; alinipita mlangoni bila kunisalimu, na alikuwa na haki.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilinyamaza. Nilikuwa na hasira, nilitaka awepo mtu wa kulaumiwa kwa kifo cha kaka yangu. Na niliona aibu: nikitaja ini, wataniuliza mimi ninayeshinda na damu za watu kwa nini sikuliona mapema, na sina jibu. Lakini kubwa kuliko yote ni woga. Baada ya bibi yake, mtu aliyekuwa anakunywa na Kasereka mara nyingi ni mimi. Masika akitoka kwenye kile kigoda, nani angefuata kukaa? Nilimwacha akae yeye. Nakuandikia hivi bila kupaka sukari kwa sababu kesho kutwa utavaa blouse nyeupe, koti la watu wa labo, na watu watakugeukia wewe vilevile wakisema, weye mutu wa labo, sema.

Ikaja vita ya pili. Hadithi ya mikroskopu unaijua, lakini mama yako anaisimulia vibaya. Sikuizika shambani, niliizika chini ya banda la sungura, nimeifunga katika koti langu la arusi. Askari walipekua labo, wakachukua meza mbili na saa ya ukutani, wakawachukua sungura wote, na hawakutazama chini ya banda. Mama yako alilia koti. Mimi nilicheza peke yangu kwenye yale mavi ya sungura! Hiyo mikroskopu ndiyo uliyojifunzia.

Na mwaka jana, nadhani unakumbuka siku niliyorudi kutoka kanisani na goti lililochubuka, ukaniuliza nani amenipiga. Hakuna aliyenipiga. Kulikuwa na munganga mmoja, mtoto wa hapa hapa, aliyesomea Kampala, amekuja kufundisha wauguzi. Akachora ini ubaoni. Akasema, mtoto akiwa tumboni mwa mama, ini lake linatengeneza kitu kinachoitwa alfa-feto. Akizaliwa, ini linaacha kukitengeneza polepole, na mtu mzima anabaki na kidogo sana, karibu na hakuna. Sasa ini la mtu mzima likianza kuota kansa, mara nyingi zile chembe mbaya zinaanza tena kutengeneza kile kitu cha utoto. Yaani mzee mwenye mvi, na ndani yake ini linafanya kazi ya mtoto ambaye hajazaliwa! Na kile kitu kinamwagika katika damu. Unaweza kukikuta wakati uvimbe bado ni mdogo kama punje ya haragwe, wakati mtu bado anabeba mbao na kula ugali wake, na kuna waganga wanaoweza kuukata ukatoka.

Nilisimama katikati ya somo. Benchi likaanguka, likaniangukia goti. Nikapiga kelele mbele ya wauguzi wote, "Kumbe damu ilikuwa inasema!" Maana yake wakati ule Kasereka alipokaa kwenye kiti changu, damu yake ilikuwa imejaa jibu, nami nikaimwaga kwenye ndoo kwa kukosa swali.

Yule munganga hakunicheka. Nilimfuata nje, nikamuuliza, "Na batu ba jamaa moja, kama mumoja alikufa na ile ini?"

"Mubapime bote hepatiti," akasema. "Inapitaka mu damu, kwa mama na mutoto, kwa wembe moja. Benye iko nayo, kila miezi sita mubapime alfa-feto, na munganga abaangalie tumbo na échographie, ile mashine ya kuona ndani. Mais musikilize muzuri: namba peke yake haitoshe. Iko kansa yenye kunyamaza, na iko namba yenye kupanda bule."

Sehemu ya kwanza niliiandika kwenye daftari. Ya pili sikuiandika, kwa sababu nilikuwa nimekwisha anza kukimbia. Wembe mmoja! Mimi na Kasereka na shangazi zako tulichanjwa dawa ya kifua na mama wa baba yetu siku moja, mmoja baada ya mwingine, kwa wembe ule ule, na kila mmoja alipewa ndizi kwa kutolia.

Donc nikaenda Kasugho. Siku mbili, pikipiki kidogo na miguu mingi, matope mpaka magotini. Nilimkuta Masika katika shamba lake la mihogo. Hakuacha kulima.

"Unatafuta nini?"

"Mama Kambale, nimekuya kuomba damu."

Hapo akaacha jembe. Alicheka cheko moja fupi. "Mulibeba bwana. Mulibeba nyumba. Sasa munataka na damu?"

Nikamweleza yote, nimesimama kwenye tuta, ini, alfa-feto, Kambale ambaye ni damu ya Kasereka. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kambale wangu atatoa mukono. Mais mbele, weye utasimama mu kanisa ya Butembo, mbele ya bale bazee, na utasema kile hukusema siku ile. Kama hapana, rudia na sindano yako."

Wewe ulikuwepo Jumapili ile. Ulikuwa kwaya, safu ya pili. Wakati wa matangazo nilikwenda mbele, mwinjilisti akadhani nataka kutangaza chanjo. Nikasema, "Masika hakumutilia Kasereka kitu. Munganga aliniambia ni ini. Nilijua, nikanyamaza." Uliona mzee mmoja akitoka nje na mwingine akifunika uso kwa kofia. Kile ambacho hukuona ni kwamba nilikuwa nimeshika ile meza ya Bwana ili nisianguke. Na baadaye, mwanangu, nilipotoka nje, nilikuwa mwepesi! Niliona njaa. Nilikula kwa mama yako sahani tatu. Nilipoteza miaka yote ile nikiogopa jambo ambalo nilipolifanya halikuchukua hata nusu ya tangazo la chanjo.

Masika akatimiza neno. Kambale na wadogo wake wawili, Kahindo na Mbusa, walitoa damu, shangazi zako pia. Tukaifunga kwenye barafu ya frigo ya mafuta, tukampa Mzee Saidi aipeleke Kampala. Utamjua kesho: anaswali kwa saa yake, haendeshi kwa haraka, na mzigo wa mtu haufungui. Kwenye barrière ya Beni, kizuizi cha njiani, askari mmoja alimlazimisha afungue sanduku, akidhani ni dhahabu ya Manguredjipa. Akainua kichupa juu ya jua. "Oyo nini? Makila?" Mzee Saidi akamjibu, "Ndiyo, ni damu, na ni ya wagonjwa." Anasema yule askari alirudi nyuma mpaka akakanyaga bunduki yake mwenyewe. Kwa hiyo wakikusumbua njiani usifiche, wafungulie kabisa, waonyeshe.

Majibu yakarudi. Kambale ana hepatiti, lakini alfa-feto yake iko chini, safi. Mbusa hana kitu. Shangazi zako wote wawili wana hepatiti, namba chini. Nilikuwa nasoma karatasi moja moja nikipiga kofi mezani. Kisha nikasoma ya Kahindo.

Juu. Juu sana.

Msichana yule, Kavira, mashavu yamejaa, anabeba mtungi na kuimba! Siku ile nilifunga labo kabla ya wakati. Mchungaji akaomba, mama yako akafunga kula. Masika alishuka kutoka Kasugho akimshika mtoto wake mkono kama anamvusha mto. Tukawakalisha sebuleni kwetu, nami nikaanza ile hotuba niliyokuwa nimejiandalia, ya mapenzi ya Mungu na waganga wa Kampala. Kahindo analia. Anazidi kulia. Mama yako akamtazama, akamtazama tena, tena akamtazama kifuani, akaniambia, "Baba Kavira, toka inje."

Nikatoka. Nikasimama kwenye migomba. Nilisikia kishindo cha mtu anayepiga mapaja, kisha sauti ya mama yako ikicheka mpaka anakosa pumzi. Akatoka mlangoni akanipigia kelele, majirani wote wanasikia, "Weye bule kabisa! Mutoto iko na mimba! Mwezi ya ine!"

Alfa-feto ni kitu cha mtoto wa tumboni. Munganga alilisema ubaoni, mbele ya macho yangu. Na kwenye fomu ya Kampala kulikuwa na mstari mzima unauliza: mwanamke, ana mimba? Niliuacha wazi. Ningeuandikaje? Mimi ni baba yake mdogo, nimesimama mahali pa Kasereka, na Kahindo alikuwa hajachumbiwa. Kwetu mwanaume wa ukoo hamuulizi binti yake swali lile; anasubiri wanawake wamwambie, akiwa ametazama pembeni. Kwa hiyo nikaona haya kuuliza neno moja, na kwa neno lile nikawafanya watu wa nyumba tatu walie siku tisa.

Unajua Masika alifanya nini? Nilidhani atampiga. Alikaa chini, akatupa viatu. "Siku ingine ningemupiga fimbo mpaka achoke," akasema. "Leo, wasingya, asante Mungu wangu, ni mimba tu! Ni mutoto!" Na akaanza kucheza palepale sebuleni, bila ngoma, mama yako akamfuata, na Kahindo katikati analia na kucheka na kamasi zinamtoka. Sijapata kuona mimba isiyotarajiwa ikishangiliwa namna ile katika ukoo wa Wanande. Yule mvulana mwenyewe alipokuja na wazee wake alishangaa kupewa kuku.

Wewe utauliza, Kavira. Utawauliza mabinti za watu, wake za wachungaji, masista kama watakuja. Ukiona haya, tazama ukuta, lakini uliza na uandike. Kahindo amekwisha kuzaa, na namba yake sasa itakuwa imeshuka, kichupa chake ni cha pili. Naomba ukatazame kwa macho yako ikiwa imeshuka, kwa sababu nataka mtu wa nyumba hii aione damu ikisema jambo la furaha.

Ni siku ile ile ya kucheza ndipo Masika aliponikamata. Nilikuwa naosha mikono. Akaja karibu, akasema polepole, "Umepima batoto bangu. Umepima na badada yako. Na yako?"

"Miye niko muzima."

"Bwana yangu pia alikuwa muzima."

Kweli, nilimpima kila mtu isipokuwa mwenye wembe ule ule na ndizi ile ile. Nilikuwa na karatasi za kupimia ndani ya kabati miezi yote ile, na kila nikifungua kabati nilikuwa natafuta kitu kingine. Hata baada ya maneno yake nilichelewa mpaka mvua zikaanza. Nikafunga mlango, nikajichoma kidole, na hiyo mistari miwili nimekwisha kukuambia.

Ungamo langu la mwisho, usikasirike: mwezi uliopita niliposema nawapima malaria wewe na mama yako, haikuwa malaria. Mko safi wote wawili. Mstari mmoja, mmoja! Nilizibusu zile karatasi. Lakini nimewapima kwa kuwadanganya, na mtu hapimwi hivyo, hata na baba yake. Nisamehe. Kampala kuna chanjo ya hepatiti, ichome mapema. Mama yako nitamwambia leo jioni kabla ya kula, kwa sababu najua ukisoma hapa utauliza, na mama je? Naogopa macho yake kuliko alfa-feto.

Ah, ningekuwa na umri wako! Wewe utajifunza kuipima yenyewe, kwa mikono yako. Mimi nimeshinda miaka ishirini nikiiuliza damu maswali manne, na wewe utakuwa na maswali mia. Nakuona umerudi hapa, umeweka mashine pale penye ndoo ya kunawia, na watu wanakuja kutoka Kamango na Manguredjipa wakiwa bado wana nguvu za kutembea. Nimekwisha pima ule ukuta kwa kamba, mashine inaingia. Lakini usirudi kwa kunihurumia. Kama kule utapata kazi ya kukufurahisha zaidi, nitanuna mwezi mmoja, halafu nitajisifu kwa watu wote wa soko.

Sasa kuhusu kichupa cha sita.

Nina tumaini, na si la kujifariji. Ninakula, ninabeba mtungi wa gesi mwenyewe, tumbo langu nimelibonyeza mpaka ngozi imekuwa nyekundu. Nafikiri namba itakuwa ndogo. Ikiwa ndogo, andika namba yenyewe, usiandike "ni muzuri", nataka kuiona tarakimu, nitaibandika ukutani na baada ya miezi sita tutapima tena, na tena, na kila mara nitakuwa na furaha ya mjinga. Ikiwa kubwa, andika vilevile. Usimtume Mzee Saidi aniambie kwa upole. Usimwandikie mchungaji aniandae. Kubwa maana yake nipande lori nije Kampala wanitazame na échographie, na kama ni punje, waikate. Kaka yangu hakupewa hata huo muda wa kupanda lori.

Na kuna jambo moja tena, ndilo lililonifanya nikae kuandika badala ya kukuambia kwa mdomo, maana kwa mdomo nisingemaliza.

Ile karatasi usiitupe, hata ikiwa nzuri. Itunze na zote zitakazofuata, kwa jina langu na tarehe. Vita haijaisha, njia zinafungwa, pengine siku moja nitachelewa kupima, pengine kansa yangu itakuwa ile yenye kunyamaza. Nikivimba tumbo, Kavira, nikigeuka njano, unajua watakayemkalisha kwenye kigoda. Chai yangu mimi anaitengeneza mama yako.

Siku hiyo utakuja, popote utakapokuwa. Utaingia katikati ya nyumba na blouse yako nyeupe, utasimama kati ya mama yako na wazee, na watakugeukia. Ndipo utawasomea zile karatasi.

Ni mimi, baba yako, ambaye damu yake umeichukua vizuri sana.